Arijojo: Nani Aliyekata Uzi?

Kuna neno moja ambalo washairi wetu wa leo wanalipenda kupita kiasi, nalo ni arijojo. Uchumi umekwenda arijojo, ndoa imekwenda arijojo, na elimu ndiyo kabisa, hiyo ilikwishakwenda zamani. Nimelikuta katika mashairi ya magazetini, katika tungo za vijana wanaoniletea kazi zao niwasomee, na katika hotuba za watu ambao sidhani kama wamewahi kushika uzi wa tiara. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ni neno zuri, lina mwendo ndani yake. Ukilitamka unakiona kitu kikiyumba. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyolituma kazi, na nitaueleza kwa kupitia mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India, ambako Januari iliyopita nilishuhudia tiara nyingi zaidi ya nilizopata kuziona katika umri wangu wote.

Sisi tuliokulia Tanga mwanzoni mwa miaka ya sabini tulilijua arijojo kwa tiara kabla ya kulijua kwa jambo jingine lolote. Tiara, au kishada kama wasemavyo wengine, tuliiunda kwa karatasi ya gazeti na chelewa za mnazi, na gundi yetu ilikuwa ugali uliopondwa kwa kidole. Uzi ulipokatika, tiara ikawa haina wa kuishika: mara upande huu, mara upande ule, inashuka, inanyanyuka kidogo kama iliyokumbuka jambo, kisha inazama nyuma ya minazi. Hiyo ndiyo iliyokwenda arijojo. Kamusi nazo zinaitaja tiara zinapolieleza neno hili. Ni ndugu yake mrama, neno la mabaharia, la chombo kinachoyumbishwa na mawimbi. Wahenga wetu waliijaza ghala ya misemo kwa kutazama bahari na upepo; sisi tunachota humo bila kuuliza nani aliweka nini.

Niseme mapema kwamba sikwenda Ahmedabad kwa ajili ya tiara. Nilimsindikiza shemeji yangu aliyekuwa akitibiwa moyo, kama wanavyokwenda ndugu zetu wengi. Alhamdulillahi, upasuaji ulikwenda salama, na madaktari wakataka tusiondoke mjini kwa majuma kadhaa. Tukapanga kwa mama mmoja mjane katika mji wa kale, shemeji akapewa chumba cha chini ili asipande ngazi. Mji huo, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017, umegawanyika katika vitongoji vidogo viitwavyo pol: vichochoro vyembamba vyenye malango, nyumba zenye mbao za kuchongwa, na mapaa bapa yaliyokaribiana kiasi kwamba jirani aweza kukupa chumvi bila kushuka chini. Mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja asingejiona mgeni sana humo.

Wapenzi wa lugha mtaniwia radhi nikipotea njia kidogo hapa. Watoto wa nyumba ile walikuwa wakiniita kaka, na sikio la Mswahili likisikia hivyo hushtuka. Kwao kaka ni baba mdogo. Siku ya pili nikasikia mzee mwenye mvi, ndevu zimefika kifuani, akiitwa dada, na nusura nicheke mbele za watu. Dada kwa Kigujarati ni babu, mzaa baba. Tumechukua kwao, au tumechota kisima kimoja nao, pesa, gari, bima, laki, dobi na mengine mengi, lakini jamaa hawa wawili, kaka na dada, hawataki kusuluhishwa. Basi nilikaa majuma matano nikiwa baba mdogo wa watu.

Sikukuu yenyewe huitwa Uttarayan, nayo huangukia tarehe 14 Januari. Jina lina maana ya safari ya kwenda kaskazini: jua, baada ya kuelemea kusini, linaanza kurejea. Kwa hesabu ya anga, jua hugeuka mwishoni mwa Desemba. Sikukuu imebaki nyuma kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole sana, na karne nyingi zimepita tangu siku hizo mbili ziambatane. Watu wa Ahmedabad hawasumbuliwi na hilo. Kwetu pwani hayo ni majira ya kaskazi, majira yaleyale ambayo majahazi ya Kutch yalikuwa yakitweka matanga kuja Mombasa na Unguja.

Maandalizi huanza kando ya barabara, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mchezo huu si wa karatasi, ni wa uzi. Tangu Desemba hukuta nguzo zimesimikwa njiani, na nyuzi za pamba zimetandazwa baina yake, mistari mingi ya rangi ya waridi, kama mtande wa mfumaji. Mafundi, wengi wao wakiwa wametoka mbali, Uttar Pradesh, hutembea kwenda na kurudi wakiwa na donge la uji mzito wa wali lililochanganywa na rangi na unga wa chupa zilizosagwa. Hulipaka uzini kwa mikono. Vidole vyao wamevifunga vitambaa na plasta, na bado vinatoka damu. Uzi huo ukikauka huitwa manja. Fundi mmoja alinionyesha viganja vyake bila kusema neno, nami nikakumbuka viganja vya wakata mkonge wa utotoni mwangu. Mstari wa waridi wenye kupendeza vile, na ndani yake chupa!

Tiara yenyewe ni kitu chepesi mno. Karatasi nyembamba ya pembe nne, vijiti viwili vya mwanzi, kimoja kimesimama kama uti wa mgongo na kingine kimepindwa, nacho wenyewe hukiita kamaan, yaani upinde. Haina mkia. Uzi ukikazwa, tiara huenda ilikoelekeza kichwa. Ukilegezwa, huzunguka ikitafuta mwelekeo mpya. Kwa hiyo mrushaji haelekezi kwa nguvu, huelekeza kwa kujua wakati wa kukaza na wakati wa kulegeza. Wana neno kwa kila moja: dheel ni kuachia uzi uende, khench ni kuuvuta kwa ghafla. Nyuzi mbili zikikutana angani, wengine hushinda kwa dheel, uzi ukipita kwa kasi juu ya uzi wa mwenzake kama msumeno. Wengine kwa khench, mvuto mmoja na yamekwisha. Uzi mfupi unaofungwa mbele ya tiara ili iuelekee upepo huitwa kinna, na wazee huufunga wenyewe, hawamwachii mtoto.

Serikali ya jimbo huandaa tamasha la kimataifa kando ya mto Sabarmati tangu mwaka 1989. Nilikwenda saa moja hivi. Kuna madubwana ya nguo yenye umbo la pweza na nyangumi, kuna timu za nchi mbalimbali, vipaza sauti na askari. Ni maonyesho mazuri kwa mwenye kupenda maonyesho. Nikarudi kwenye paa la mama mwenye nyumba.

Huko juu, tangu alfajiri ya tarehe 14, mji mzima ulikuwa umehamia mapaani. Mabibi wamekaa kwenye viti vya plastiki wakimenya mua; sinia zinapita za undhiyu, mboga mchanganyiko za majira ya baridi, pamoja na jalebi na kashata za ufuta zilizopikwa kwa sukari guru. Muziki wa paa hili unagombana na muziki wa paa lile. Kijana wa nyumba, mwanafunzi wa uhandisi, alikuwa mrushaji. Nyuma yake alisimama dada yake mdogo ameshika firki, kigurudumu chenye mikono miwili kinachokunjiwa uzi. Kazi yake ni kuachia bila kukwama na kukunja bila kutatiza. Akikosea, kaka yake ameshindwa. Asipokosea, kaka yake ameshinda. Nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama mbingu.

Mara uzi wetu ukakutana na uzi wa paa la tatu. Kijana akaachia, akaachia, dada mtu firki inamlia mikononi, na ghafla tiara ya kijani ya wale jirani ikalegea, ikainama. Paa zima likalipuka: kai po che! Sahani za chuma zikagongwa, tarumbeta za plastiki zikapulizwa. Nikamwuliza kijana maana yake. Akanijibu, huku bado akitazama juu: nimekata.

Hapo mwalimu wa sarufi aliyestaafu akaamka ndani yangu. Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya wanafunzi nikiwafundisha tofauti ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Sahani imevunjika, sahani imevunjwa. Mfano huo ulikuwa hauhitaji maelezo marefu, kwa kuwa kila mtoto aliyepata kuvunja sahani anajua kwa nini humwambia mama yake kwamba imevunjika. Kauli ya kutendeka ni maficho mazuri. Uzi umekatika: upepo labda, uchakavu labda, Mungu ndiye ajuaye. Uzi umekatwa: basi yuko mkataji, na tumtafute.

Arijojo yetu imekaa upande wa kutendeka. Ni neno la anayesimama chini akiona kitu kinayumba. Linasema kwa ustadi mkubwa jinsi tiara inavyokwenda, na halisemi lolote juu ya mkono. Kwa mtoto wa Tanga mwenye uzi wa kushonea uliooza kwa chumvi, halikuwa na haja ya kusema. Kweli uzi ulikatika wenyewe. Lakini mshairi anapoandika kwamba shirika la umma limekwenda arijojo, au kwamba ushirika wa wakulima umekwenda arijojo, je, uzi ulikatika wenyewe? Pamba haikukosa mnunuzi kwa sababu ya upepo. Kuna aliyekaza, kuna aliyelegeza, kuna aliyepaka unga wa chupa usiku. Na msomaji anamaliza beti kumi na mbili zenye vina safi akiwa na huzuni kubwa na hana mtu wa kumwuliza swali.

Tena kuna jambo la pili, ambalo nililiona nilipochungulia kichochoroni. Tiara ya kijani haikuwa imepotea. Chini kulikuwa na watoto, wengine miguu mitupu, kila mmoja na ufito mrefu wa mwanzi wenye tawi la miiba kwenye ncha. Hao hawatazami tiara zinazopigana, wanatazama zilizokatwa. Walikimbia shingo zimeelekea juu, wakapita kati ya pikipiki na ng'ombe, na mmoja akainasa kwa miiba yake kabla haijagusa paa la bati. Ada ni kwamba iliyokatwa ni ya aliyeikamata; hakuna wa kumdai. Jioni nilimwona mtoto huyo amekumbatia rundo la tiara zinazomficha uso, na sidhani kama alikuwa na rupia moja ya kununulia hata ndogo. Kwa hiyo kile ambacho juu ya paa ni hasara, kichochoroni ni riziki. Mwandishi wetu akisema mali imekwenda arijojo, swali la mtoto yule lingekuwa jepesi: imeangukia wapi, na nani alikuwa ameshasimama pale na ufito wake?

Sitaki nifikiriwe kuwa nimerudi na sifa tupu za ugenini. Kuna washairi wasafiri, na nimewasoma wengi, ambao wakiona sherehe ya watu hutoa beti za rangi na furaha, wakafunga daftari. Tarehe 15, ambayo nayo ni sikukuu na huitwa Vasi Uttarayan, nilishuka nikatembea hadi barabara kubwa. Waendesha pikipiki wengi wamefunga tao la waya mbele ya usukani na skafu shingoni, kwa maana manja iliyoning'inia njiani hukata koo la mtu. Watu hufa kila mwaka kwa namna hiyo, watoto wakiwamo. Mwezi Julai 2017 baraza la hukumu za mazingira la India, National Green Tribunal, lilipiga marufuku nchini kote manja ya nailoni na ya sintetiki, ambayo haikatiki kwa urahisi na haiozi. Nailoni bado inauzwa kwa siri, nami niliambiwa hivyo na muuzaji aliyekuwa akiniuzia ya pamba.

Kando ya barabara lilikuwapo hema la wafanyakazi wa kujitolea, chini ya kampeni ya serikali ya jimbo inayoitwa Karuna Abhiyan. Karuna ni huruma. Kila Januari, tangu tarehe 10 hadi 20, hupokea ndege waliojeruhiwa. Watu huombwa wasirushe tiara mapema asubuhi wala jioni, saa ambazo ndege hutoka na kurudi viotani, na wengi hawasikii. Ndani ya masanduku ya karatasi walikuwamo njiwa, na mwewe mmoja aliyefungwa kitambaa, jicho kali, bawa limekatwa hadi mfupa unaonekana. Waingereza waliipa tiara jina la ndege huyohuyo. Msichana mmoja alikuwa akiuchomoa uzi wa waridi kutoka katika nyama kwa kibano, taratibu, unyoya kwa unyoya, huku daktari wa wanyama akishika kichwa. Mwenzake akaandika daftarini: aina ya ndege, mahali alipookotwa, saa, na sababu. Kwenye sababu aliandika neno moja ukurasa mzima, akishuka nalo mstari hadi mstari: dori. Uzi.

Nikatazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Jana yake mji mzima ulikuwa ukipiga kelele nimekata, nimekata, kwa kila karatasi ya rupia chache. Kwa mwewe huyu hakuna aliyepiga tarumbeta. Hata wao, wenye kauli iliyo wazi kuliko yetu, wana mahali ambapo mkono hutoweka na kubaki uzi.

Na uzi unabaki kweli. Anayekatwa huzomewa lapet, lapet, maana yake kunja, kunja uzi wako uliobaki. Ni zomeo, lakini ndani yake mna wajibu: tiara imekwenda, wewe una kazi ya kukusanya. Wengi hukunja. Wengine hukata kipande na kukiacha kwenye miti na nyaya za umeme, na hicho ndicho kinachongoja ndege wa Februari. Niliporudi kwenye paa nilimkuta binti wa nyumba peke yake, wenzake wameshuka kula, anavuta mabaki ya nyuzi za watu kutoka kwenye mlingoti wa antena na kuyatia mfukoni. Nilimsaidia hadi giza likaingia na taa za karatasi, tukkal, zikaanza kupanda angani zimefungwa kwenye uzi mmoja, moja juu ya nyingine. Mikono yangu iliwasha kwa siku tatu.

Najua nitakavyojibiwa, kwa kuwa nimekwisha kujibiwa hivyo na rafiki yangu mmoja, mtunzi hodari kuliko mimi. Alisema misemo yote huchakaa. Hakuna anayesema mrama akawaza jahazi, na lugha haimngoji mwalimu mstaafu aliyetoka kutazama karatasi India. Ni kweli kwa mazungumzo ya sokoni. Mshairi, hata hivyo, hapewi neno kama chenji ya dukani, alipokee bila kuhesabu. Malumbano ya mabingwa wetu wa zamani yalikuwa na ukali kwa sababu kila mmoja alijua anamjibu nani na kwa lipi; alikata uzi wa mwenzake mchana, watu wakitazama. Siku hizi tunalalamika angani. Tumekuwa mafundi wa kueleza jinsi kitu kinavyoyumba.

Kwa hiyo ombi langu si tulifukuze arijojo. Naomba mtunzi anapolifikia asimame, ajiulize maswali manne ya paani: nani alikata, nani alishika firki, nani alikimbilia kilichoanguka, na uzi uliobaki umeachwa juu ya mti gani. Akipata jibu la moja tu kati ya hayo na akalitia katika ubeti, shairi litakuwa limepata mtu ndani yake. Akikosa yote, aandike kutendeka kwake kwa dhamiri safi; huenda upepo ndio uliohusika.

Na wazee wenzangu wa Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja, Bagamoyo na Kilwa, nina haja nanyi pia. Kamusi zimetuhifadhia jina la tiara na jina la mwendo wake ikishakatika. Watu wa mchezo huo je? Yule aliyewakata wenzake pwani nzima ikamjua, mlimwitaje? Na wale waliokimbia nyuma ya minazi kuiokota? Ule uzi mfupi wa mbele, ambao kaka zetu wakubwa hawakutuachia tuufunge, ulikuwa na jina gani kwenu? Yaandikeni mnayoyakumbuka, hata kama ni neno moja na mtaa lilikosemwa, nami nitayapanga pamoja na jina la kila mwenye kuleta.